Jetoni Iliyobaki Ubaoni

Ninyi vijana mnaopita mbele ya baraza yangu hapa Kasulo, mtaa huu wa Kolwezi, kila asubuhi, koleo begani na kamba kiunoni, msidhani siwaoni. Macho yangu yameingia ukungu, lakini mwendo wa mtu anayeogopa naujua hata nikiwa nimefumba macho. Huongea sana. Hucheka kabla kichekesho hakijaisha. Yule aliyetoka Kananga, mwenye kofia nyekundu, hupiga mluzi kutoka kona ya msikiti mpaka mdomo wa shimo lenu la madini, na akifika mdomoni mluzi hukatika. Juzi alinisalimu, akaniuliza nusu mzaha: "Tata Ramazani, ninyi batu ba zamani, mulikuwa munaogopaka?" Nikamwambia akipanda apite nimjibu. Hakupita, alikuwa amechoka. Jibu lenyewe ni refu, kwa hiyo nimeliandika.

Baba yangu alikuja Kolwezi kutoka Kasongo. Alisafirisha chumvi, vitenge na samaki wakavu kwa gari moshi hadi Dilolo, na alitaka nirithi magunia yake. Mimi nikataka kofia ngumu na taa kichwani. Nilifanya kazi katika mgodi wa chini, ule wa kushuka kwa kizimba cha chuma kinachoning'inia kwenye kamba, hadi nilipostaafu. Lakini katikati ya maisha hayo ipo miaka mitatu ambayo nilikwenda mgodini kila siku bila kushuka hata mara moja. Magoti yalikataa. Nataka mjue jinsi yalivyokataa, na jinsi nilivyoshuka tena, siku ambayo kama nisingeshuka mimi, mtu mmoja asingepanda.

Mtu huyo ni Tata Kapenda. Alikuwa Mlunda, mrefu, mwenye sauti nzito ya kwaya ya kanisa lake, na ndiye aliyenifundisha kazi. Kizimba kilipoanza kushuka yeye huvua kofia yake ngumu na kuishika kifuani, midomo ikicheza kidogo. Mimi pembeni yake husema bismillahi yangu. Tukifika chini anaivaa kofia na kuanza kuimba, na watu wote nyuma yake wanapata nguvu. Sote tuliamini kwamba mtu yule hajui woga ni nini.

Mbele yangu hapa mezani kuna kidude cha shaba ya njano, duara, chenye tundu juu na namba 214. Hii ndiyo jetoni yangu. Kwetu, mtu akifika kazini alipita kwanza katika chumba cha taa. Anatundika jetoni kwenye msumari wake ubaoni, anapewa taa yenye namba ileile, ndipo anakwenda kwenye kizimba. Akipanda anarudisha taa, anachukua jetoni yake. Mtunza taa hana haja ya kumwuliza mtu yeyote habari. Anatazama ubao. Msumari mtupu, mtu yuko juu. Msumari wenye jetoni, mtu yuko chini. Na kulikuwa na desturi mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza, hakuna mkono unaogusa jetoni ya mwingine. Hata mtu akifa chini, jetoni yake huondolewa na ndugu yake wa damu. Ya pili, mtunza taa haendi nyumbani kama jetoni ya zamu yake bado inaning'inia.

Sasa chekeni kidogo. Wiki yangu ya kwanza chini, nikiwa mtu mzima mwenye mke, nilisikia jiwe likilia juu ya kichwa changu. Lilikuwa linajinyoosha tu, mawe hufanya hivyo. Sikumwambia mtu. Niligeuka, nikaingia kwenye kizimba cha kwanza kilichopanda, nikapita mbele ya chumba cha taa bila kutazama kulia wala kushoto, nikatoka getini. Nilitembea mji mzima mchana kweupe na taa inawaka kichwani. Watoto walinifuata wakipiga makofi. Mama yangu aliponiona mlangoni alisema, "Mwanangu, jua la Kolwezi halikutoshi?" Nikakaa, nikaletewa bukari la unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo, nikala.

Nilikuwa ninaosha mikono aliposimama mtu wa mgodini na baiskeli, jasho linamtiririka. "Ramazani! Uko unakula? Batu ine beko banakutafuta chini toka saa ine! Jetoni yako iko ku ubao!"

Nilirudi nikiwa nimebebwa nyuma ya baiskeli hiyo, taa mkononi. Tata Kapenda alipanda na wenzake watatu wakiwa matope mpaka masikioni. Nikajua leo nitapigwa. Akanishika shingoni, akanipeleka mbele ya ubao, akanionyesha msumari wangu. "Toa ile kitu mwenyewe," akasema. "Mi nilitembea njia zote, nilikuwa naomba Mungu anionyeshe wewe. Amenionyesha kweli. Uko na sombe ku ndevu." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha akainamisha kichwa na kuniambia peke yangu, taratibu: "Siku moja na wewe utatafuta mutu. Njo utajua iko namna gani." Aibu ile ilinikaa mwaka mzima, lakini sikumsahau mtu aliyenitafuta kabla hajalijua vizuri jina langu.

Kazi aliyonifundisha ilikuwa kugonga paa. Leo mashine kubwa zinapigilia vyuma kwenye mwamba, na anayeziendesha amevaa vizibo masikioni. Sisi tulikuwa na mtaimbo na masikio. Baada ya baruti, kabla mtu yeyote hajaingia, wawili wetu tunatangulia. Unasimama chini ya paa ambalo umeshalipima, si chini ya lile unalolipima. Unanyoosha mtaimbo, unagonga. Jiwe zima linasema ting, na unalisikia mpaka kwenye kiwiko. Jiwe lililoachana na wenzake linasema pu, kama ngoma iliyolowa. Ukisikia pu, usisogee mbele hata hatua moja. Tafuta ufa wake, ingiza ncha, liangushe wewe kabla halijakuangukia. Kisha gonga tena, maana nyuma ya pu moja mara nyingi kuna nyingine.

Kulikuwa na bwana mmoja katika zamu yetu aliyeona kwamba kugonga ni kukosa imani. "Mi niko na Mungu," alisema, akataka kupita. Tata Kapenda akaweka mtaimbo mbele ya kifua chake kama kizuizi cha barabarani. "Mi pia niko naye," akamwambia. "Njo nauliza paa, aniambie." Akagonga. Pu. Bwana yule alirudi nyuma mbio kuliko alivyokuja. Ninyi mnaoshuka bila kugonga ukuta kwa sababu mmeombewa Jumapili, habari hii ni yenu.

Kosa langu kubwa mimi halikuwa la imani, lilikuwa la mdomo. Palikuwa na njia ya zamani tuliyoiita Njia ya Kijani, kwa sababu maji yalikuwa yamechora kuta zake kwa rangi ya shaba, kijani juu ya kijani, na taa ikipita ungedhani unatembea chini ya bwawa. Nilipapenda pale. Siku hiyo niligonga huku ninamsimulia mwenzangu habari ya mpira. Mkono uligonga, sikio lilikuwa uwanjani. Jiwe lilisema pu, nina hakika lilisema, kwa sababu hadi leo nalisikia. Sikulisikia wakati ule. Nikapiga hatua.

Mwenzangu alikuwa nyuma, hakuguswa. Mimi nilifunikwa hadi kifuani. Taa ilivunjika. Giza la chini si giza la usiku, vijana wangu, ninyi mnalijua, halina upande. Nilikaa humo nikisikia maji yakidondoka mahali fulani, tone moja, kimya, tone moja, na baada ya muda nikawa siwezi kujua kama natazama au nimefumba macho. Tata Kapenda alinichimbua kwa mikono. Sikuvunjika hata kidole. Nilipumzika wiki mbili, nikarudi kazini, nikatundika jetoni, nikachukua taa, nikafika mbele ya kizimba, na magoti yakaniacha. Nilikaa chini pale sakafuni mbele ya watu wote.

Nikasema ni mgongo. Kapita wa zamu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikuwa mtu mwema, akajifanya ameamini. Akaniweka katika chumba cha taa.

Miaka mitatu ile naikumbuka kama ndoto ya homa ya mchana, ile ambayo unasikia sauti za watu uani na huwezi kuamka. Taa zilikaa kwenye rafu zikichajiwa, kila moja na kijicho chake chekundu. Dirishani niliona upande wa Kingamyambo, lile vumbi jeupe la mabaki ya madini likiinuka wakati wa kiangazi na kutembea peke yake juu ya uwanda. Mbali gari moshi la Dilolo lililia. Na chini ya nyayo zangu, chini kabisa, watu wangu walikuwa wanatembea. Niliwafuata kwa mawazo. Sasa wamefika kwenye pampu. Sasa wanapinda. Sasa Tata Kapenda anagonga, ting, ting. Mguu wangu ulikuwa ukicheza sakafuni kwa mapigo yake, na mtu akiingia nilishtuka kama mwizi. Jetoni 214 ilikaa mfukoni, na msumari wake ubaoni ukashika kutu.

Nilimwomba Mungu. Katika swala zote tano nilimwomba kitu kimoja: aniondolee woga huu. Niliomba kama mtu mwenye jino bovu anavyoomba ling'oke. Kila asubuhi nilikwenda mpaka mlango wa kizimba kujaribu kama limeng'oka, na kila asubuhi magoti yalinijibu. Nilifika mahali pa kumkasirikia. Nilidhani amenisikia na amenidharau, kwa sababu woga ni kitu cha aibu na pengine Yeye pia hapendi waoga. Nilikonda. Nililia mara nyingi kati ya zile taa, na sioni haya kuwaambia.

Siku moja baada ya zamu Tata Kapenda alibaki nyuma. Aliweka taa yake mezani, hakuchukua jetoni. Akaniuliza, "Ile mugongo yako, inaumaka namna gani?"

"Tata, unajua kama si mgongo."

"Najua. Unaombaka nini?"

Nikamweleza. Akacheka kwa pua. "Mungu haiko munganga ya meno, Ramazani. Unaomba akung'oe woga? Mi niko mu iyi kazi toka wewe haujazaliwa. Asubuyi yote naogopa. Leo niliogopa. Kesho nitaogopa."

Sikumwamini. Nikamwambia, "Lakini unaimbaka."

"Naimbaka chini. Unaniona mu kizimba naimba? Mu kizimba niko nashika kaske, iyi kofia, na mikono mibili, sababu mikono inatetemeka." Akanionyesha mikono ile, mipana kama koleo, kama kwamba ningeweza kuona humo mtetemeko wa asubuhi. "Mi namuambiaka tu: Baba, niko naogopa. Tushuke. Basi. Sisemi ‘niondolee'. Nasema ‘tushuke'. Woga inashuka na sisi, inakaa pale pa kona. Lakini haiko peke yake na mi mu kizimba."

Akachukua jetoni yake, namba 31, akaenda zake. Yale maneno yalinizunguka wiki nyingi. Yalikuwa mepesi mno. Mtu aliyezoea kuomba kwa machozi hapendi kuambiwa kwamba maneno manne yanatosha.

Kisha ikaja siku yenyewe. Ilikuwa masika, mvua imeanza saa saba ya mchana na inapiga bati la chumba cha taa mpaka watu wanasema kwa kupaza sauti. Zamu ya kwanza ilipanda. Taa zikarudi, jetoni zikaondoka, moja baada ya nyingine, mikono yenye matope ikipita mbele ya uso wangu. Baada ya hapo chumba kikawa kitupu, nikatazama ubao kama kila siku. Misumari yote mitupu. Mmoja tu ulikuwa na kitu. Thelathini na moja.

Nikasubiri kidogo, nikijiambia anaongea na watu kwenye pampu. Nikasubiri tena. Yule aliyeshuka naye alikuwa amepanda asubuhi kwa homa ya malaria, na nikajua Tata Kapenda amebaki peke yake. Nilitoka nikikimbia kwenye mvua mpaka kwa kapita. Alipouona uso wangu alitazama ubao kupitia mlango ulio wazi, akashika kichwa.

"Nilimutuma mu Njia ya Kijani," akasema. "Banataka kuifungua tena. Alienda kuigonga."

Muda mfupi baadaye watu watatu wa zamu ya pili walikuwa tayari, machela na jeki ya kuinulia mawe imeshaletwa. Walikuwa vijana hodari, lakini watu wa mashine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikiliza paa kwa mtaimbo, na mashine haikuweza kuingia katika njia ile nyembamba. Kapita akauliza, "Ile njia, nani anaijua?" Wote walikuwa wanatazama chini ili wasinitazame mimi.

Nawaambia ukweli, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa mgongo. Ulimi ulikuwa umeshaanza kulisema. Ndipo nikauona ule msumari wenye kutu, safu kadhaa chini ya namba 31, na nikakumbuka watu wanne waliotoka matope mpaka masikioni kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakula sombe. Nikatoa jetoni mfukoni. Tundu lilikwepa msumari. Nililenga mara tatu. Nikaitundika. Nikajipa taa mimi mwenyewe, nikamwachia mwenzangu wa zamu ya pili ubao.

Katika kizimba nilishika kofia kifuani. Sikuwa nimepanga, mikono ilikwenda yenyewe. Tata Kapenda alimwita Baba, mimi ninamwita Mola, na aliyekuwa anasikiliza ni mmoja. Nikasema: Ee Mola, ninaogopa. Tushuke.

Magoti hayakuacha kutetemeka. Mnasubiri niseme yaliacha, hayakuacha. Yaligongana mpaka chini, na mmoja wa wale vijana alitazama kamba akidhani kizimba ndicho kinachotikisika. Lakini nilikuwa nimesimama. Juu yetu ule mlango wa mwanga ukawa mdogo, ukawa punje ya mahindi, ukapotea, na ile harufu ya jiwe lililolowa ikanipokea kama nyumba ambayo mtu alihama bila kuaga. Kitu fulani kilikuwa kimetulia karibu yangu. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Woga ulikuwepo, umekaa pale konani, na haukuwa peke yake na mimi.

Tulifika mdomo wa Njia ya Kijani. Taa zetu ziligusa kuta, rangi zikaamka, kijani juu ya kijani, na kwa kitambo nikawa kama mtu anayeota kwamba ameamka. Nikainua mtaimbo. Ting. Hatua moja. Ting. Wale vijana walinifuata katika nyayo zangu. Ting. Nilifunga mdomo wangu safari hii, hata dua niliiomba bila kufungua midomo. Baada ya muda nilifika mahali ambapo niliwahi kufunikwa, nikapajua kwa lile tone la maji, tone moja, kimya, tone moja. Nikagonga.

Pu.

Nilisimama. Nikaliambia jiwe kimoyomoyo, leo nimekusikia. Nikatafuta ufa, nikaingiza ncha, nikalivuta. Likaanguka mbele yetu na vumbi lake likatupita. Nikagonga tena kama nilivyofundishwa. Ting. Na katika ule mlio, kutoka nyuma ya kifusi kilichokuwa mbele, kitu kikajibu kwenye bomba la maji: ting, ting.

"Iyo mukono naijua," sauti ikasema. "Lakini unagonga kama mutu mwenye kuomba ruhusa. Gonga na nguvu!"

"Tata! Ni mi, Ramazani!"

Kisha sauti, kali kidogo: "Ramazani? Na ku lampe, mu chumba ya taa, nani amebakia?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Tulihamisha mawe kwa mikono, nikipima paa kila tulipojipenyeza mbele. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa chini ya jiwe lenye ukubwa wa meza. Jeki ililiinua kidole kimoja, vidole viwili, tukamvuta. Mwili wake ulikuwa wa baridi, midomo imekauka. Nilimnywesha maji, na wenzangu wakifunga mguu wake kwenye kipande cha mti nilimwuliza kama aliogopa.

"Sana," akasema. "Nilizima lampe ili moto isiishe. Mu giza nikaanza kuona ubao yako. Misumari yote iko wazi, moja tu iko na kitu. Nikasema: Ramazani hataenda kula bukari leo mbele ya kunipata."

"Na Mungu, Tata? Wewe hukumwita?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekaa darasani miaka mingi bure. "Nani njo alikuweka ku ubao? Kama magoti yako haikukataa, leo ungekuwa hapa pembeni yangu, chini ya jiwe moja. Na kule juu hakungekuwa mutu hata mumoja mwenye kujua iyi njia."

Miaka mitatu nilidhani dua zangu zimegonga mahali penye pu. Nilibeba upande mmoja wa machela, na njia nzima nilikuwa namwomba Mola msamaha na kumshukuru kwa pumzi moja, nisijue kipi kinatangulia.

Tulipofika juu mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, kila kitu kinafuka mvuke. Mganga wa kampuni alitaka apelekwe moja kwa moja. Tata Kapenda akakataa, akataka apitishwe kwanza kwenye chumba cha taa. Tukamwinua mbele ya ubao akiwa kwenye machela, akanyoosha mkono, akatoa 31 mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Na yako," akasema. Nikaitoa. Safari hii sikulenga mara tatu, ilitoka mara moja.

Kesho yake nilishuka. Nilishuka na kesho kutwa, na miaka yote hadi nilipostaafu, na hakuna asubuhi hata moja ambayo magoti yalinyamaza. Tata Kapenda alipona, akabaki anachechemea. Yeye aliaga dunia kitandani kwake, mzee, watoto wake wamemzunguka. Nilikuwepo. Karibu na mwisho alitoa mikono nje ya shuka, akaiweka kifuani kama ameshika kitu cha duara, na midomo ikacheza kidogo. Sikuhitaji kusikia alichosema.

Sasa nirudi kwako wewe wa kofia nyekundu. Ndiyo, tulikuwa tunaogopa. Tunaogopa hata leo; mimi nina kizimba kimoja kilichobaki kushukia, na daktari amenitajia kwamba si mbali. Usingoje woga ukuache ndipo umtumaini Mungu. Nenda naye, uuache woga ukae konani, na ugonge ukuta kabla ya kuingia, na ufunge mdomo unapogonga.

Mmeuona ule ubao niliopigilia barazani? Watano kati yenu mnautumia, wengine mnacheka, sikasiriki. Vibati nimevikata mwenyewe kutoka kwenye vifuniko vya makopo ya rangi, kingo nimezisugua zisikate mtu. Chako kipo tayari, sikukiandika namba, kina jina lako. Asubuhi ukipita, kitundike. Jioni ukipanda, hata kama umechoka, pita ukitoe kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nitakuwa hapa kwenye kiti changu. Mke wangu atapiga kelele kwamba bukari linapoa, atanituma mjukuu, atanifuata mwenyewe na mwiko mkononi. Siingii ndani mpaka msumari wako uwe mtupu.